Flashi ya kwanza ya kupigia picha nyumbani na triga yake: seti nne, uchukue ipi?

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu kanitumia picha ya skrini, kaweka flashi nne kwenye kikapu cha duka la mtandaoni, kaandika "kaka nichukue ipi hapa?" Mi nikamjibu kwa swali, ukuta wa sebuleni kwenu una rangi gani? Akatuma vicheko. Akadhani namtania, wakati mi niko siriasi kabisa, maana sebule yao naijua, ukuta kijani na dari ni mbao iliyopakwa vanishi, na hivyo viwili vitaharibu au kutengeneza picha zake kuliko hizo flashi zote nne.

Sasa nimeona niyaandike yote sehemu moja kwa yeyote aliyekwama kama yeye. Nazungumza na mtu ambaye kamera anayo tayari, ya kubadilisha lenzi, na anapiga nyumbani: keki za oda, nguo na viatu vya kuuza, mtoto kafikisha miezi sita, bibi kaja toka kijijini mnataka picha ya heshima kabla hajarudi. Kama unapigia simu hii siyo yako, kanunue taa ya LED inayowaka muda wote na utaenjoi zaidi, kwa sababu flashi hizi zinawaka kufumba na kufumbua na simu inasoma picha mstari kwa mstari, hawakutani.

Tunalinganisha nini

Kwanza namba kubwa ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi usihangaike nayo. Kampuni ya Godox wameandika 60, wenzao wa Yongnuo wameandika 58, watu wanabishana mpaka usiku, kumbe ile 60 imepimwa zoom ya flashi ikiwa 200mm, mwanga umebanwa sana, na ile 58 imepimwa ikiwa 105mm, haujabanwa hivyo, yani mmoja anakimbia kwenye mteremko mwingine yuko tambarare halafu tunalinganisha saa. Na nyumbani hata hiyo nguvu huitumii. Mi sebuleni kwangu, chumba cha kama mita 3 kwa 4, mara nyingi niko 1/16 au 1/8 ya nguvu, nikiweka nguvu yote watu wanafunga macho na picha inakuwa nyeupe pee. Kwa hiyo nguvu tunairuka, zote zinatosha.

Vinavyonihusu mi ni hivi.

Flashi inatokaje juu ya kamera. Hili ndo kubwa kuliko yote. Flashi yangu ya kwanza niliichomeka juu ya kamera miezi kama mitatu nikiwa namtwanga nayo mtu usoni moja kwa moja, uso unakuwa bapa kama wa kitambulisho, jasho linang'aa, halafu nyuma ukutani kuna kivuli cheusi kama mtu wa pili kajificha. Siku niliyoitoa ikakaa pembeni, juu kidogo ya kichwa, imepigwa kwenye mwamvuli mweupe, mama yangu aliuliza hizi picha tumeenda studio lini. Flashi ni ile ile. Ndo maana naisema triga, yani kidude cha kuiamuru flashi iwake ikiwa mbali na kamera, kwenye kila seti na siyo kama kitu cha kuongezea baadaye.

Manyuo au oto. Kama gari tu. Manyuo unapanga nguvu mwenyewe, 1/4, 1/8, 1/16 na kuendelea chini mpaka 1/128. Oto, wenyewe wanaita TTL, flashi inatoa kimwanga cha majaribio kabla ya picha, kamera inapima kilichorudi kupitia lenzi halafu inaamua nguvu. Mtu anayekimbia kimbia, oto inakubeba. Keki iliyokaa mezani haiendi popote, manyuo inatosha na ni bora, kwa sababu ukishapata mwanga unaoutaka unabaki hivyo hivyo picha 50 mfululizo.

Kasi ya shata. Hapa nina kidonda. Dada yangu anaoka keki, akapata oda ya sendofu, keki ya ngazi tatu, nikaweka shata ya kamera 1/500 ya sekunde kwa kiherehere cha kutaka dirisha lisionekane limeungua nyuma, flashi pembeni, nikapiga kama picha 20 nikijiangalia kama bingwa. Kwenye kompyuta ngazi ya chini ya keki haipo, pameingia bendi nyeusi ti kama mtu kabandika karatasi, na keki imeshaondoka kwenye bodaboda. Sababu ni kwamba shata ya kamera ni mapazia mawili, na kuanzia kasi fulani pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, kwa hiyo flashi ikiwaka kuna sehemu ya picha imezibwa. Kamera nyingi za kuanzia kikomo ni 1/200, nyingine 1/250, Sony A6000 ni 1/160. Kupita hapo unahitaji flashi na triga zenye HSS, yani uwezo wa kuwaka sawa na shata ya kasi zaidi. Kwa picha za ndani HSS unaihitaji mara chache kuliko watu wanavyokwambia, ila ukitoka kibarazani mchana na unataka lenzi iwe wazi f/1.8, utaitafuta.

Betri. Hizi nyingi zinakula betri nne za AA. Zile betri za bei poa za kwenye redio na saa ya ukutani sahau kabisa, na hata alkalaini zinaanza vizuri halafu flashi inachelewa kujaza, unapiga, unasubiri, mtoto kashashuka kwenye kiti. Nunua za kuchaji za Ni-MH, nane, nne ndani nne kwenye chaja. Hii ni hela na lazima uihesabu tangu mwanzo.

Na la mwisho, ukoo. Ukinunua triga umeoa ukoo mzima, siyo mtu mmoja. Triga ya Yongnuo haiongei na redio ya Godox, ya Godox haiongei na Neewer hii ninayoisema hapa chini. Flashi ya pili utakayonunua mwakani imeshaamuliwa leo na triga unayonunua leo, kwa hiyo uliza ukoo una nani na nani, halafu ndo uulize bi harusi.

Kabla hujatoa hata senti, angalia juu ya kamera yako

Kile kitako cha chuma unapochomeka flashi kina vidoti vya shaba. Kimoja kikubwa katikati, na vingine vidogo pembeni kutegemea kampuni. Kile cha katikati ndo kinachosema "waka!", vidogo ndo vya maongezi ya oto.

Sasa kuna Canon za kuanzia, EOS 2000D, 4000D na 250D, ambazo hicho kidoti cha katikati hakipo, Canon waliamua kutokukiweka. Na hizo ndo kamera watu wengi wanaanza nazo huku kwetu kwa sababu ya bei. Ukichomeka hapo flashi au triga ya pini moja, haiwaki, utabadilisha betri, utapuliza, utamrudishia muuzaji ukisema ni mbovu, naye ataichomeka kwenye kamera yake iwake mbele yako na utaonekana mgomvi. Kwa kamera hizo tafuta triga ya TTL iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon, na usikubali kulipa mpaka iwashwe juu ya kamera yako wewe, maana nyingine zinataka programu yake ya ndani isasishwe kwanza ndo zitambuane. Triga za seti ya 1 na ya 2 hapa chini haziwafai watu wa kamera hizi, ruka moja kwa moja kwenye ya 3.

Na kama una flashi ya mjomba ya miaka ya 70 au 80 iko kabatini unataka kuijaribu, usiichomeke kwenye kamera ya digitali kabla haijapimwa. Baadhi ya zile za zamani zinarudisha volti mia na kitu mpaka mia mbili kwenye ile pini, kamera nyingine za sasa hazijajengwa kwa kipigo hicho.

Seti ya 1: Neewer TT560 na triga za jozi

Mwanga na vidhibiti: manyuo tupu. Ngazi nane, kuanzia nguvu yote mpaka 1/128, vitufe vichache, vitaa vinakuonyesha uko wapi, hakuna skrini. Kichwa kinainuka na kugeuka kwa hiyo unaweza kupiga darini au ukutani. Zoom haina na hutaimisi.

Triga: ndani haina redio. Ina S1 na S2, yani jicho linaloona flashi nyingine ikiwaka nayo inawaka papo hapo. S1 inafuata mwako wa kwanza, S2 inasubiri kile kimwanga cha majaribio kipite. Hii maana yake kama kamera yako ina kale kaflashi kanakochomoza juu, ukakaweka nguvu ya chini kabisa, unaweza kuiwasha TT560 iliyo pembeni bila kununua triga yoyote. Ndani ya chumba inafanya kazi vizuri tu. Mi ningeanza hivyo, halafu baadaye ndo nichukue jozi kama Yongnuo RF-603 II, moja juu ya kamera moja chini ya flashi, kila moja inakula AAA mbili. Ila jua kwamba triga hiyo inawasha tu, nguvu unaenda kuibadilisha kwa mkono kwenye flashi yenyewe, kila mara unainuka.

Shata: HSS hakuna.

Betri: AA nne, jumlisha AAA za triga, kwa hiyo una aina mbili za kuchaji na siku moja moja itakuwa imeisha.

Ukoo: mdogo. Ukitaka kukua utaanza upya, ingawa flashi yenyewe haitupwi, kwa lile jicho lake inaweza kuwa ya kuwasha ukuta wa nyuma miaka yote.

Inamfaa: mtu ambaye hajui kama atalipenda hili jambo. Au anayepiga vitu visivyotembea, sabuni, vikombe, hereni, kwenye meza moja, na flashi iko umbali wa mkono.

Seti ya 2: Yongnuo YN560 IV na YN560-TX

Mwanga na vidhibiti: manyuo pia, ila ina skrini, zoom, na ngazi nane zenye hatua ndogo ndogo katikati.

Triga: hapa mambo yanabadilika kwa sababu redio iko ndani. YN560-TX unaichomeka juu ya kamera na ukiwa umekaa hapo hapo unabadilisha nguvu ya flashi iliyo ng'ambo ya chumba, makundi sita, A mpaka F. Watu wanaona kama anasa, mpaka siku umeweka flashi juu ya kabati na kila kubadilisha ni kupanda kiti. Halafu IV yenyewe inaweza kuwa mkubwa, ukiwa nazo mbili moja juu ya kamera inaiamuru nyingine bila TX. Angalia herufi kwenye TX, kuna ya Canon na ya Nikon.

Shata: HSS hakuna, unabaki 1/200 yako.

Betri: AA nne kwenye flashi, na TX nayo inakula AA, angalau ni aina moja.

Ukoo: ulikuwa mkubwa sana miaka ile, na faida yake leo ni mtumba. Wapiga picha wengi wa harusi walianza na hizi, wakahama, wakaziuza, kwa hiyo ukitega masikio unaweza kupata mbili na TX kwa hela ambayo ungenunua flashi moja mpya ya seti ya 3. Inaongea pia na zile RF-602 na RF-603 za zamani. Kwa kwenda mbele sioni sababu kubwa ya kuinunua mpya, huo ni mtazamo wangu, anayezipenda anipinge.

Inamfaa: mtu wa mtumba mwenye subira na jicho, anayetaka flashi mbili kwa pamoja, na anayejua hatatoka nje ya chumba.

Seti ya 3: Godox TT600 na X2T

Mwanga na vidhibiti: TT600 ni manyuo, skrini, zoom 20 mpaka 200mm, nguvu 1/1 mpaka 1/128. Ukiiweka juu ya kamera yenyewe haina oto na haina HSS, ni flashi ya kawaida kabisa. Ukiitoa pembeni ndo inaamka, kwa sababu redio ya Godox ya 2.4GHz iko ndani yake na ukiiamuru kwa triga, HSS inakubali mpaka 1/8000. Mtu anayeisoma nusu nusu anasema TT600 haina HSS, mwingine anasema inayo, wote wako sahihi, inategemea imekaa wapi. Wa Sony akitaka kuichomeka na juu ya kamera achukue TT600S.

Triga: X2T, na hapa herufi ni ya muhimu kweli kweli, C ni Canon, N Nikon, S Sony, F Fujifilm, O ni Olympus na Panasonic. Triga ndo lazima ifanane na kamera. Flashi iliyo pembeni haijali kamera yako ni ya nani. Ukiamka siku moja ukauza Nikon ukanunua Sony, unabadilisha triga peke yake, stendi zote na flashi zote zinabaki zilipo. Mi kwangu hii ndo sababu ya kwanza ya kuuangalia ukoo huu, siyo mwanga.

Kuna kitu kimoja kinawaliza watu wa nyumbani. Umeweka flashi karibu, nusu mita pembeni ya sahani ya pilau, unapiga haiwaki, unaisogeza mita tatu inawaka, unarudisha haiwaki. Haijafa. Ingia kwenye menyu ya triga kuna sehemu ya umbali, ina mita 1 mpaka 100 na ina 0 mpaka 30, weka hiyo ya 0 mpaka 30 halafu endelea na pilau lako.

Betri: AA nne kwenye flashi, mbili kwenye X2T. Godox wanasema kama miako 230 ya nguvu yote kwa betri za 2500mAh, na kujaza kunachukua mpaka sekunde 2.6. Kwa 1/16 ya nyumbani unapiga jioni nzima na betri zinabaki.

Ukoo: hapa ndo penyewe. Triga hiyo hiyo itaamuru kaka zake wenye oto, itaamuru AD200 ya betri kubwa ukianza kutoka nje, na itaamuru taa za studio za kuchomeka ukutani kama SK400II siku ukipata chumba. Hutupi kitu.

Inamfaa: mtu aliyeshaamua kwamba anajifunza mwanga kweli na yuko tayari kukaa na manyuo wiki mbili tatu akikosea. Kwa bei za nje TT600 ilikuwa ikikaa kwenye dola 65 hivi na triga ikikaribiana nayo, wengi inawauma kulipia kidude cha juu ya kamera bei sawa na flashi, nawaelewa, ila rudia pale nilipoandika kuhusu mama na studio.

Seti ya 4: Godox TT685II na X2T

Mwanga na vidhibiti: mwili karibu ule ule, ila huyu anajua oto na anajua HSS hata akiwa juu ya kamera. Ukifika kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani unaichomeka, unaigeuza kichwa darini, unaweka TTL, unapiga, unazunguka, haufikirii. Ukirudi nyumbani unaiweka kwenye stendi na triga inaiamuru, kwa oto au kwa manyuo, uamuzi wako.

Oto nayo ina vituko vyake. Bibi arusi mwenye gauni jeupe limejaa fremu, kamera inaona mwanga mwingi umerudi inapunguza, picha inakuwa ya kijivu. Mtu mweusi mbele ya pazia jeusi, kamera inaona giza inaongeza, uso unang'aa kama umepakwa unga. Unarekebisha kwa kuongeza au kupunguza kidogo kwenye triga, siyo kazi kubwa, ila usinunue oto ukidhani umenunua akili.

Triga: ile ile X2T, herufi ya kamera yako. Na hapa flashi nayo nunua ya herufi ya kamera yako, kwa sababu utakuwa unaichomeka juu.

Shata: HSS ipo popote.

Betri: AA nne, sawa na TT600. Ana ndugu wawili wenye betri ya lithiamu ya kwao, V860III na V1 ya kichwa cha mviringo, hao wanatoa miako 480 ya nguvu yote kwa chaji moja na wanajaza kwa sekunde 1.5. Wanapendwa na watu wa harusi na ni haki yao. Kwa nyumbani ni raha, siyo lazima, na betri yake ikizeeka huwezi kukimbilia duka la kona kama AA.

Ukoo: ule ule wa seti ya 3.

Inamfaa: mzazi wa mtoto anayetambaa, hapo sina ubishi, mtoto wa miezi tisa hasubiri ubadilishe 1/16 kuwa 1/32. Na yule ambaye nyumbani ni nusu tu, wikiendi anaitwa kwenye kichen pati na ubarikio. Bei ya nje ilikuwa kama dola 130, yani TT600 mbili, na V860III ilikaribia 230.

Kidogo kuhusu triga zenyewe za Godox

X2T ina kitako juu yake, unaweza kuchomeka flashi nyingine hapo. XPro ina skrini kubwa na vitufe vingi vya kuona haraka, ila juu haina kitako. XPro ina kitu kinaitwa TCM, unapiga kwa oto kwanza, ukipenda mwanga unabonyeza na ile nguvu iliyopimwa inageuka kuwa manyuo inabaki hapo, kwa mwenye seti ya 4 hii ni tamu sana. X3 ni kadogo, ka kugusa skrini, betri iko ndani unachaji. Zote zinaamuru flashi zile zile, chagua kwa mkono wako na mfuko wako.

Chumba, maana ndo nilianzia hapo

Mwanga ukigonga ukuta wa kijani unarudi wa kijani, usoni. Dari ya vanishi inarudisha rangi ya chai. Nyumba isiyo na dari, mabati moja kwa moja, ukipiga juu mwanga unapotea huko huko na hakirudi kitu cha maana. Nyumba yenye jipsamu nyeupe na kuta za krimu umepewa softboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, bure, hata seti ya 1 itakutosha.

Kama chumba chako ni kama cha yule dogo, usiongeze hela kwenye flashi. Ongeza kwenye stendi na mwamvuli mweupe wa kupenyeza mwanga, inchi 33 inatosha chumba kidogo, au tandika shuka jeupe kwenye kamba upige kupitia hapo, na upande wa pili simamisha manila nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Na sogeza karibu. Umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo flashi iliyo mita moja na mtu, na ukuta wa nyuma uko mita tatu, ule ukuta wa kijani unazama gizani wenyewe hata hauonekani rangi.

Ukinunua mtumba

Nenda na betri zako zilizojaa na kamera yako, iwe Kariakoo, iwe Luthuli Nairobi, iwe kwa jamaa mtandaoni mnakutana kituoni. Piga nguvu yote mara kumi mfululizo, sikiliza kama inachelewa zaidi kila mara. Fungua mlango wa betri uangalie ule ukoko wa kijani au mweupe, hiyo betri ilivuja. Kioo cha mbele kikiwa na madoa ya kahawia kimepigwa sana. Tikisa shingo. Halafu kwa ajili ya Mungu usiifungue nyumbani na bisibisi, ndani kuna kapasita inashika kama volti 300 na inaweza kukupiga hata flashi ikiwa imezimwa.

Sasa kwa hali yako

Una kamera yenye kaflashi kanakochomoza, hela ni ya kuunga unga, unapiga bidhaa mezani: TT560 bila triga, washa kwa S1, hela iliyobaki nunua mwamvuli, stendi na betri za kuchaji.

Una Canon isiyo na pini ya katikati: X2T ya C kwanza, ijaribiwe kwenye kamera yako, halafu TT600 pembeni kama bajeti ni ndogo au TT685II ya C kama ipo.

Umeletewa YN560 IV mbili na TX za mtu anayehama mji, kwa bei ya kirafiki, na unapiga ndani tu: chukua, utajifunza taa mbili wakati wenzako wana moja.

Unapiga chakula au keki za oda na unaona kabisa hii itakuwa biashara: TT600 na X2T, mwakani ongeza TT600 ya pili.

Una mtoto mdogo, au wikiendi una mialiko ya kupiga: TT685II na X2T. Kama hela haifiki kwa vyote viwili nunua flashi leo, ipige darini ikiwa juu ya kamera, triga ifuate mwezi unaokuja.

Unataka V1 kwa sababu umemwona nayo mtu: ni nzuri kweli. Muulize kwanza kama na yeye alianza nayo.

Yule dogo mwishowe kachukua TT600 na X2T ya Nikon, na jana kanitumia picha ya bibi yake kakaa kwenye stuli karibu na mlango, shuka limetandikwa kwenye kamba ya nguo pembeni, ukuta wa kijani hauonekani kabisa. Kona ya kulia inaonekana kibanio cha nguo kimoja chekundu. Nimemwambia asikikate.